Zahanati Iliyomtangulia Daktari

Matokeo ya kidato cha nne yalipofika Masii, soko letu la karibu, mwanzoni mwa mwaka 1997, Mukai, binti wa jirani yangu Syombua, alikuwa amepata alama ambazo hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyewahi kuzipata. Nilifurahi kama wengine, hata nikachinja jogoo. Umri umenipunguzia hasira za mambo mengi tangu siku hizo. Hasira ya jambo hili haijapungua, wala sioni kwa nini niilazimishe ipungue.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Bartholomew alisimama mbele ya altare. Huyu alikuwa karani mstaafu wa chama cha ushirika cha pamba na mwenyekiti wa kila kamati tuliyokuwa nayo, mtu wa sauti nene na koti zito hata wakati wa jua kali. "Mungu ametupa daktari," akatangaza. "Sasa sisi nasi tumpe daktari mahali pa kufanyia kazi." Kanisa zima likapiga makofi. Mukai alikuwa ameketi pamoja na kwaya, nami nilimwona akigeuza kichwa huku na huku, kana kwamba naye anamtafuta huyo daktari anayesemwa.

Hakuna aliyemwuliza. Shuleni nako hakuulizwa. Wakati wa kuchagua masomo ya chuo kikuu alikuwa ametaja uhandisi, na mwalimu wake akacheka kwa upole, akamwambia kwamba msichana mwenye akili kama yake hapotezi akili hizo kwa kazi za wanaume wa barabarani. Udaktari ukaandikwa wa kwanza. Upole wa namna hiyo umewaharibia watoto wengi njia kuliko kiboko, nami nilikionja kiboko cha mapadre nikiwa mdogo.

Kwetu Ukambani kazi kubwa haimwelemei mtu mmoja. Mwethya huitwa. Filimbi hulia alfajiri, kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake. Leo matuta yanachimbwa kwa huyu, kesho kwa yule. Ndivyo tulivyouzuia udongo wa vilima vyetu usikimbilie mtoni, na ndivyo tulivyojenga ukuta wa bwawa la mchanga, unaoziba mto ili mchanga ujae na kuhifadhi maji, ambao hadi leo hutupa maji wakati wa kiangazi. Nyumba isiyotoa mtu, mwethya hauendi kwake. Mapadre walinifundisha kusoma, lakini kuishi na watu nilifundishwa na mwethya, na sitaki mtu adhani kwamba naudharau. Kinachoniuma ni kwamba kitu kizuri kama hicho kilifanywa kamba ya kumfungia mtoto.

Basi mwethya ukaanza kujenga zahanati. Kiongozi wetu alikuwa Wavinya, mama mwenye filimbi na ulimi usiochoka, ambaye huita majina kabla ya kazi, kila mtu akaitika, "Niko!" Siku ya kwanza ya kuchimba msingi alipolifikia jina la Syombua hakulitaja. Aliita, "Mama Ndakitali!" maana ndivyo Wakamba tumwitavyo daktari.

Watu wakacheka kwa furaha. Syombua akaitika, akainua jembe. Wavinya akamnyang'anya.

"Wewe keti. Mikono ya mama wa daktari haichimbi."

Akaletewa kigoda, kikawekwa kivulini kando ya mawe ya ujenzi. Uji ulipoiva, kibuyu cha kwanza kikawa chake. Syombua alikuwa mjane aliyelima peke yake tangu Mukai akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama magome. Mwanzoni alijaribu kusimama. Baadaye alikaa. Nani angemlaumu? Ikawa desturi: kila siku ya zahanati, kigoda na kibuyu cha kwanza.

Zikaja zile mvua za El Niño. Zilikata njia zetu zote na kuyabomoa matuta ya watu wengi, ya Syombua yakiwa ya kwanza kwa vile shamba lake liko mteremkoni. Kazi ya zahanati ikasimama, ikaanza tena, na mashamba yakawekewa zamu. Zamu ya Syombua ilipangwa iwe kabla ya mvua za vuli za mwaka 1999.

Mwezi wa Agosti mwaka huo Mukai alirudi nyumbani, amemaliza mwaka wa kwanza wa udaktari jijini Nairobi. Kuta za zahanati zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Hakupata hata asubuhi moja ya kupumzika. Watu walijipanga mlangoni kwa mama yake, huyu na kikohozi, yule na mtoto mwenye upele. Nilikuwapo mzee Kilonzo alipofika akichechemea.

"Ndakitali, huu mguu umenishinda kabisa."

"Mzee Kilonzo, mimi nimesoma mwaka mmoja tu. Nenda hospitali ya Machakos wakuangalie."

"Mwaka mzima! Na hamjafika kwa mguu?"

"Bado, mzee. Tulikuwa tu kwa mkono."

"Haya," akasema Kilonzo, akigeuka. "Mkono ukiuma nitarudi."

Mukai alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akaacha kucheka, lakini machozi hayakuacha.

Alasiri hiyo tuliketi uani kwa Syombua tukipukuchua mbaazi. Mukai akamwambia mama yake, macho yakiwa kwenye ungo, "Mwaitu, nataka kuhama. Nataka kusomea uhandisi wa maji."

Syombua hakuacha kupukuchua. "Unaogopa maiti?"

"Maiti hazinisumbui. Na mtihani nimepita."

"Ni nini basi?"

"Nikikaa na zile hesabu za maji na kuta nasahau hata kula. Vitabu vya udaktari navisoma, navielewa, halafu navifunga kama mtu anafunga mlango wa nyumba ya wenyewe. Kitivo cha uhandisi kimekubali kunichukua, lakini lazima nihame kabla ya mwaka wa pili kuanza. Ukishaanza, hakuna kuhama tena."

"Na zahanati?"

"Kwani niliomba zahanati?"

Syombua akaweka ungo chini. "Wewe hukuomba," akasema polepole. "Lakini kwa kigoda nilikaa mimi."

Akanigeukia. Nilimwambia nilichokiamini, kwamba kigoda hakisomi chuo kikuu. Akauokota ungo wake tena.

Sijui nani aliipeleka habari. Kijijini kwetu ua ni wa miti tu, na miti haina mlango. Kufikia Jumamosi Bartholomew alikuwa ameita mkutano pale pale kwenye kuta za zahanati, na Mukai na mama yake wakasimamishwa mbele ya watu kama wezi wa kuku.

"Tumesikia daktari wetu anataka kutoroka," Bartholomew akaanza.

"Sitoroki, mzee. Nataka kubadilisha masomo."

"Uende upande milingoti ya simu?" sauti ikatoka nyuma.

"Na ile suruali kubwa ya mafundi!" Wavinya akadakia. "Aiya! Nani ataoa mtu ananuka saruji?"

Watu wakaangua kicheko. Bartholomew akainua mkono. "Mukai, mwanangu, sikiliza. Mtoto wa kijiji ni wa watu wote. Hizi kuta unaziona? Ni jasho. Jasho la watu huwezi kuliruka kama mfereji."

Niliyasikia maneno hayo, na hadi sasa nikiyakumbuka damu hunipanda kichwani. Mtoto wa watu wote! Alipougua surua, akiwa hajaanza shule, mama yake alimbeba mgongoni hadi Masii kwenye tope; watu wote hao walikuwa wapi? Alipokosa sare alikuwa mtoto wa Syombua. Aliposomea kwenye moshi wa koroboi alikuwa mtoto wa Syombua. Alama zilipotoka ndipo alipopata wazazi kijiji kizima. Nilisimama nikayasema haya, na Bartholomew akanisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mzee ambaye ataketi baada ya muda mfupi. Kisha akatoa lile alilokuja nalo.

"Kama binti atahama, basi nyumba ya Syombua nayo ihame kwenye mwethya. Zamu ya shamba lake ipewe mwingine."

Kila mtu pale alijua maana yake. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia, na mwanamke mmoja hawezi kuchimba upya matuta ya mteremko ule. Angelima mawe mwaka uliofuata. Nilimtazama Mukai. Alikuwa akiitazama miguu ya mama yake.

"Nitaendelea na udaktari," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nimevipenda vigelegele maisha yangu yote, kwenye harusi na ubatizo, lakini siku ile vilinichoma masikio. Walikuwa wakishangilia kuvunjwa kwa mtoto.

Jumatatu filimbi ikalia. Kazi ilikuwa kuchimba shimo la choo cha zahanati. Mukai alikuwapo, akiteka maji ya kuchanganyia udongo. Kigoda kilikuwa mahali pake. Wavinya akaita majina, kila mmoja akaitika, hadi akafika alipozoea kuita, "Mama Ndakitali!"

Hakuna aliyeitika.

Syombua alikuwa amesimama katikati ya mstari, leso imefungwa kiunoni na jembe begani. Wavinya akamwona. "Mama Ndakitali!"

Syombua akaliweka jembe sawa begani.

"Syombua, kwani hausikii unaitwa?"

"Sasa ndiyo nimeitwa," akasema Syombua. "Niko!"

Akakipita kigoda, akateremka shimoni. Bartholomew akasogea ukingoni na koti lake. "Mama, toka huko, utajichafua. Kiti chako kile pale."

"Bwana Bartholomew, mimi na udongo tunajuana tangu nikiwa msichana. Hicho kiti mpatie aliyekiomba."

Akapiga jembe. Akapiga tena. Kisha akanyoosha mgongo na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Nitakuja mwethya kila siku filimbi inalia, kwa shamba la kila mtu. Lakini kwa langu msikuje. Zamu yangu nimewaachia. Na uji wenu wote nimekunywa, nitaulipa hapa kwa shimo. Sasa mtoto wangu hana deni la mtu."

Asiyelelewa kwenye mwethya huenda asione uzito wa maneno hayo. Kutoa kazi na kukataa kurudishiwa ni jambo ambalo halijawahi kufanyika kwetu. Ni kuwaacha majirani wakidaiwa na mjane mchana kweupe, naye yuko mbele yao akichimba. Wavinya aliishika ile filimbi mkononi asijue aipeleke wapi.

Mukai akautua mtungi. "Mwaitu, toka. Nilishasema nitaendelea."

"Ulisema kwa sababu yangu. Mimi sitoki. Wewe amua yako."

Mukai akamgeukia Bartholomew. "Mzee, Jumamosi niliongea kwa woga. Leo sina woga. Nitahama." Akachukua jembe lililokuwa limelala bure kando ya kigoda, akateremka shimoni kando ya mama yake.

Kilonzo peke yake ndiye aliyethubutu kusema. "Injinia," akaita kutoka juu, akiegemea fimbo yake, "hapo unachimba ama unakuna?"

"Nakuna, mzee. Nikifika kwa mguu nitakuambia."

Wengine wakacheka. Bartholomew hakucheka.

Ningependa kuandika kwamba watu waliona aibu, wakaja shambani kwa Syombua siku iliyofuata na majembe yao. Hawakuja. Walimchukulia neno lake kama lilivyo, kwa kuwa liliwafaa. Yeye alikwenda kwa kila mmoja wao, Wavinya akiwemo, na alipoingia shambani mwake mwenyewe waliingia yeye, Mukai, mimi na mgongo wangu, na Kilonzo aliyetusimulia hadithi akiwa ameketi kwa ajili ya mguu. Mukai aliporudi chuoni tulikuwa tumefika katikati ya mteremko. Mvua haikutungoja. Udongo wa nusu ya juu ulishuka mtoni mbele ya macho yetu, na mwaka huo Syombua alivuna kidogo mno. Kanisani tulikuwa tukisoma habari za kuchukuliana mizigo, na sauti nene kuliko zote ilikuwa ya Bartholomew.

Zahanati ilimalizika. Serikali ikaleta muuguzi, kijana mpole wa Mwala, na kidonda cha mguu wa Kilonzo kilisafishwa na kufungwa humo hadi kikapona. Hakuna aliyekufa kwa kumkosa Mukai. Naye alihitimu uhandisi, na sasa hujenga mabwawa ya mchanga huko Makueni. Akija likizo hutembea kando ya mto wetu akiupapasa ule ukuta wa zamani kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Hadi leo hakuna aliyemwomba Syombua radhi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Bartholomew alisimama mbele ya altare. Koti ni lile lile. "Mungu ametupa injinia," akatangaza. "Kamati imeona atujengee bwawa la pili, na mwethya utaanza..."

Makofi yalikuwa yameshaanza. Syombua akasimama kwenye benchi lake. Amezeeka sasa, na sauti yake si kubwa.

"Bwana mwenyekiti, mmemwuliza?"

Makofi yakakatika. Bartholomew akafungua kinywa, akatazama huku na huku kati ya mabenchi, kana kwamba jibu limeketi mahali fulani miongoni mwetu. Syombua hakuketi. Tulisubiri, kanisa zima, na sisi wengine tuliokuwa tumeketi tukaanza, mmoja mmoja, kusimama.