Kitufe Kilichojibonyeza

Kosa nililofanya mapema kabisa ni kuamini kwamba jambo lisilokatazwa limeruhusiwa. Katika chumba cha gemu pale Busia kulikuwa na kadibodi ukutani yenye masharti, na mimi niliisoma kama mwanafunzi anayesoma karatasi ya mtihani. Usile njugu juu ya mashine. Usichomoe waya. Usibadilishe kaseti bila kumwambia mwenye duka. Niliisoma tena na tena, maana mimi huogopa sana kukosea. Nilipohakikisha kwamba hakuna mstari unaonizuia, nilienda nyumbani nikaanza kazi.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mama mmoja aliyeuza sabuni na mafuta ya taa, karibu na geti la kuvukia Uganda. Hii ilikuwa miaka ya tisini. Mashine ya gemu aliinunua kwa mchuuzi wa Malaba na kuiunganisha na televisheni yake ya zamani. Waliokuja kucheza hawakuwa watoto. Walikuwa matanboi, wale wasaidizi wa madereva, waliongoja lori zao zipite forodha, makuli, na watu wa boda boda, wale waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka upande wetu hadi upande wa pili. Desturi ilikuwa moja: mshindi anabaki kwenye benchi, anayeshindwa anainuka.

Mimi niliinuka kila mara. Ufundi wa redio nilijifundisha mwenyewe, kwa kuzifungua na kuziunga tena, na nikiwa peke yangu na waya mikono yangu ilitulia. Watu wakinitazama, dole gumba lilitetemeka. Gemu yenyewe ilikuwa ya ndege. Unabonyeza kitufe ndege ipige risasi, na ukibonyeza haraka zaidi pointi zinapanda zaidi. Bingwa wa chumba alikuwa bwana mmoja wa boda boda kutoka Bukhayo, mtu mzima mwenye mke na watoto.

"Fundi, inuka," alikuwa akiniambia. "Kidole chako kimenyeshewa."

Watu walicheka. Mimi sikukasirika. Niseme ukweli, sikuhisi kitu. Usiku niliyakumbuka tu makosa yangu yote, moja baada ya jingine, hadi usingizi ukanichukua.

Nilikuwa najua kuunda sakiti ndogo inayofanya taa iwake na kuzima yenyewe. Nikafikiri, kama inaweza kuwasha taa, inaweza kubonyeza kitufe. Wakati huo mama alikuwa amenipa nitengeneze joistiki moja, ule mkono wa kuchezea wenye kitufe, iliyokatika waya. Niliuunga waya, nikaificha sakiti ndani, nikafunga skrubu bila kuacha hata mkwaruzo. Nilijivunia zile skrubu kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Nilipoirudisha nilimwambia mama imepona.

Jumamosi yule bwana alikuwa amepata abiria wengi na alikuwa mchangamfu. Alipomwondoa kila mtu kwenye benchi, alinitafuta kwa macho.

"Fundi, leo tucheze kama wanaume. Wewe weka ile redio yako kubwa. Mimi naweka baiskeli."

"Wewe, hiyo baiskeli ndiyo unga wa watoto wako," mama alimwambia.

"Mama, huyu hata akiongezewa mikono bado nitamshinda."

Ningeweza kukataa. Nilisema sawa.

Alicheza kwanza, akapata pointi ambazo hakuna aliyewahi kuzifikia pale. Kisha nikashika ile joistiki niliyoitengeneza, ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameigusa tangu niirudishe. Ndege ilipiga risasi mfululizo kama mvua kwenye mabati, na mimi kazi yangu ikawa kuielekeza tu. Nilipompita, chumba kizima kilipiga kelele. Mama akamwambia kuli mmoja aisukume baiskeli stoo. Gemu ilikuwa bado inaendelea, na jasho likaniingia jichoni. Nikainua mkono wa kitufe nikajipangusa.

Watu wakautazama mkono wangu.

"Fundi," yule bwana alisema polepole, "ndege yako inapiga bila wewe."

Alinipokonya joistiki, akaitikisa karibu na sikio, akaitazama chini. Nilimweleza ilivyokuwa. Nikamwonyesha kadibodi pia, na kumwambia hapakuwa na sharti nililovunja. Nakumbuka sauti yangu ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Mimi nilicheza na mtu," alisema. "Kama ningejua nacheza na waya, ningebaki stejini kwangu kungoja abiria."

Mama alikataa kuamua. Alisema baiskeli haitatoka stoo mpaka naibu wa chifu aseme. Naibu naye alikuwa kwenye mazishi Namboboto, kwa hivyo tulingoja. Siku zile yule bwana alikuja dukani kila asubuhi, akachungulia stoo, akaondoka kwa miguu. Nilimwona. Niliendelea kulehemu redio za watu.

Naibu aliporudi hakutaka kutusikilizia ofisini, kwa sababu ofisini hakukuwa na umeme. Alikuja chumbani, akavua kofia, akaketi kwenye benchi.

"Nianze na hili," alisema. "Mtu akitaja kamari hapa, nitalazimika kuwaweka ndani nyote wawili. Kwa hivyo sijasikia kamari. Nimesikia baiskeli."

"Ndiyo, mzee," tulisema.

Akaomba joistiki. Ndege ikaanza kupiga risasi kabla hajajua kitufe kiko wapi. Aliielekeza huku na kule, ndege ikaanguka, akaanza tena. Watu walijaza mlango.

"Mzee, umeshinda?" mama akamuuliza.

"Sijashinda. Hii kitu inanicheza mimi." Akanigeukia. "Kijana, siku ile kidole chako kilikuwa wapi?"

"Juu ya kitufe, mzee."

"Kilibonyeza?"

"Hapana, mzee. Lakini kuielekeza ndege nilielekeza mimi. Na sharti halikuwepo."

Naibu akaiweka joistiki chini. Alimuuliza yule bwana, "Stejini kwenu, mtu akiacha baiskeli kwenye foleni aende kunywa chai, abiria wake ni nani?"

"Hana abiria, mzee. Baiskeli bila mtu haina foleni. Tunairuka."

"Hata kama ni yake?"

"Hata kama ni yake, mzee. Foleni ni ya mtu aliyesimama."

"Hilo mmeliandika wapi?"

"Hatujaandika. Kila mtu analijua."

Naibu akavaa kofia. Akasema kitufe changu kiliachwa kwenye foleni bila mtu, kwa hivyo zile pointi zinarukwa, na baiskeli irudi kwa mwenyewe. Joistiki aliichukua. Mimi akaniagiza nikafyeke nyasi za ofisi yake. Mama aliifungua stoo akiguna, na yule bwana akaisukuma baiskeli nje, akabonyeza magurudumu yote mawili kuona kama yana upepo.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini kanuni ya steji ilimhusu hata yeye. Mtu aliyekosa kusimama siku zote zile nafasi yake ilipewa mwingine, na mwenyekiti wa steji hakukubali kumwondoa aliyepewa. Yule bwana alimsihi mbele yangu, nikiwa natoka kufyeka, panga mkononi.

"Boss, nilikuwa na kesi. Si nilishinda?"

"Ulishinda baiskeli, ndugu yangu. Hapa hukuwepo."

Wiki iliyofuata alienda Khunyangu kubeba watu wa soko. Huko abiria walikuwa wa siku za soko tu, nasi sote tulilijua hilo. Alipita mbele ya kibanda changu cha redio akiwa amefunga godoro kwenye keria. Hakunitazama. Nilisimama na chuma cha kulehemu mkononi nikingoja kusikia kitu ndani yangu, aibu au huruma, na sikusikia. Kilipopoa nilikirudisha kwenye makaa.

Hofu ya kukosea bado ninayo. Kilichobadilika ni kwamba sishindani tena na mtu kwa chombo nilichokifungua mwenyewe, na mteja akija kuchukua kitu chake, ninakifungua mbele yake na kumwonyesha nilichoweka ndani.