Miwani ya Vitalis

Katika karakana ya Bhupendra pale Gerezani, jirani kabisa na soko la Kariakoo, miwani ya kuchomelea ilikuwa moja, nayo ilining'inia msumarini ikila vumbi. Mwaka ule wa vita hata sabuni ilikuwa ya foleni. Miwani ya pili ingetoka wapi? Lakini tusiisingizie vita. Hiyo moja yenyewe haikuguswa, maana kila aliyejifunika uso wenzake walimpigia vigelegele kama binti anayetoka unyagoni: "Mwali katoka!" Na mwanzilishi wa utani huo alikuwa Vitalis, fundi wa kutoka Masasi.

Vitalis alichomelea kwa kukunja uso na kufumba jicho moja. Bhupendra alilipa kwa kila dirisha la chuma lililokamilika, na ndani ya kile kioo cheusi fundi haoni pa kuanzia. Aliyefumba jicho alimaliza mapema, akasifiwa. Jioni macho yaliwasha kama yametiwa mchanga, mkewe Selina akamwekea vipande vya kiazi kibichi, asubuhi akarudi kazini. Miaka ikaenda hivyo. Ujinga mtupu, lakini ndio uliolisha watoto.

Kisha ukungu ukamwingia machoni, usitoke. Alimwambia Selina peke yake. Fundi asiyeona angeambiwa arudi kwao, na huko kwao hakuwa na hata shamba.

Asubuhi moja akapapasa ukutani, akaitungua miwani, akaivaa. Nani angejua macho yake yanatazama wapi?

"Mwali katoka!" Shaibu, mwenzake wa meza moja, akapiga kigelegele.

"Mwacheni," Bhupendra akasema. "Huyu sasa ana akili. Na nyie muigeni."

Vitalis alifurahi, akaona na haya. Akachomelea dirisha la mteja kwa kufuata sauti na joto, mpaka akaridhika. Wenzake wakaja kulibeba. Halikubanduka. Wakavuta kwa nguvu, meza ya chuma ikainuka nalo. Alikuwa amelichomelea mezani, upande mzima.

Wakacheka, wakidhani ni utani wake. Shaibu alicheka hadi akashika mbavu, halafu akamwona Vitalis amesimama, uso umeelekea ukutani.

"Mnacheka nini, jamani?" Vitalis aliuliza.

Bhupendra akamvua miwani, akamtazama macho kwa muda.

"Nenda nyumbani, Vitalis," akasema, akairudisha miwani msumarini.

Alasiri Shaibu ndiye aliyepewa kazi ya kulibandua lile dirisha. Akakunja uso, akafumba jicho moja, akaanza.