Watoto Watatu na Ghala la Kahawa

Alhamisi alfajiri nilitia randa na msumeno kwenye gunia, nikafunga chumba changu cha Bakoba, nikaenda kusubiri gari la Muleba. Ugonjwa ule ulikuwa umemchukua kaka yangu na mkewe, wakaacha watoto watatu. Mimi nina chumba kimoja, na kibanda cha mama kinavuja. Ta Kaijage, mkubwa wa ukoo, alishasema: Jumapili asipokuta nyumba ya kuwatosha, atawagawa kwa ndugu watatu tofauti. Mama akaazimwa ghala la kahawa, tupu tangu vita, akaniita. Mimi fundi seremala, ningekataaje?

Muleba, mchana. Mama akanikaribisha kwa punje za kahawa za kutafuna.

"Nimeleta rangi ya mafuta, mama. Ya bluu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Rangi ya ofisi hiyo, waitu! Hawa wanataka nyumba."

Basi, nikatii. Ijumaa na Jumamosi tulitenga vyumba kwa matete na kamba za migomba. Matawi ya mibuni yakawa vigingi vya kutundikia nguo. Nikatoboa dirisha upande wa ziwa, upepo ukaingia, na kuta zile zikaanza kutoa harufu ya kahawa ya zamani. Raha iliyoje! Koku, mtoto mkubwa, aliimba kutwa nzima.

Jumapili asubuhi nilitoka kuoga mtoni, nikakuta sakafu imejaa nyasi, vipande vya matete na maranda. Aibu gani hii, na mzee yuko njiani! Nikafagia vyote, nikamwaga kwenye migomba. Mama akarudi kutoka misa ya kwanza na watoto, akaweka mikono kichwani.

"Yesu na Maria! Nyasi za wageni!"

Kumbe alikuwa amezikata na kuzitandika alfajiri, mbichi kabisa. Umketishe mzee wa Kihaya kwenye sakafu tupu? Heri umfungie mlango.

Tukatoka mbio wote watano kwenda bondeni kukata nyingine. Ta Kaijage alitukuta njiani tunarudi, mizigo kichwani, tumelowa umande, tunacheka kama wendawazimu.

"Mnakwenda wapi na majani yote haya?"

Kitindamimba, wa miaka minne, ndiye aliyejibu. "Nyumbani kwetu. Usiingie kwanza, babu, hatujatandika!"

Mzee akasimama nje kweli, fimbo mkononi, mpaka alipoitwa. Akavua viatu, akapapasa ukuta wa matete, akaketi.

"Ma Paskazia," alimwambia mama, "huyu mdogo amenizuia mlangoni. Mtu hazuii mgeni kwenye nyumba ya wengine. Sasa nimgawe nani?"

Mama akapiga kigelegele. Mimi nililia, sifichi.

Jumatatu nilirudi Bakoba, mikono inaniwasha kwa nyasi. Miaka yote nilidhani nyumba huisha fundi akipiga msumari wa mwisho. Siku hizi nikikabidhi kazi, nauliza kwanza ni nani humo ndani atakayeweza kuniambia nisubiri nje.