Maua Yaliyofunga Mbwara

Siku yangu ya kwanza kwenye kitalu cha Kibiti nilifika na keni yangu mwenyewe ya kumwagilia, mpya, nimeibeba kichwani kutoka stendi. Nilijua nitasifiwa. Bwana Bustani Mkuu, mtu mrefu asiyecheka ovyo, aliipokea, akaitundika kwenye msumari ofisini kwake.

"Hii utaichukua ukishajifunza kazi," akasema.

Nilinuna mpaka jioni. Mimi ni mzaliwa wa kijiji cha Mkongo, bondeni, na kwetu kumnyima mmea maji ni kama kumnyima mtoto ziwa. Mkuu alitaka bustani za kuvumilia kiangazi, zisizogombania maji na watu. Mmea alioupenda kuliko yote ulikuwa kichaka cha daisi ya manjano, chenye majani membamba na maua kama alizeti ndogo.

Ninyi vijana mnanunua miche kando ya barabara, imeshachanua. Sisi tulisia mbegu. Unachekecha mchanga na udongo wa msituni, unajaza trei, unatawanya mbegu juu, unazifunika kwa mchanga kiasi cha kuzificha tu, maana zikizama hazioti. Maji unayarashia kwa kifagio. Miche ikishatoa majani ya kweli unaihamishia kwenye viriba, vile vifuko vyeusi, halafu unaikomaza, yaani unaipunguzia kivuli na maji kidogo kidogo mpaka izoee shida. Ukiizidishia maji, shina linaoza usawa wa udongo na mche unalala chini.

Nilipohamishiwa Mbwara kutunza bustani ya zahanati, kichaka mama cha Kibiti kilikuwa kimeshafyekwa na mafundi waliokuja kujenga ukuta. Mkuu alinikabidhi mbegu zote alizobakiwa nazo, amezifunga kwenye kitambaa.

"Binti, hizi zikifa, ua hili tumelizika," akaniambia. Machozi yalimlengalenga, nami nikaogopa.

Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, alinipokea kwa sharti. Kisima kilikuwa kimoja. "Bibi Bustani, maji ya wagonjwa kwanza. Nikikuta umeyamwaga kwenye maua, nang'oa yote."

"Hutayakuta, Daktari. Maua haya hayana kiu," nikamjibu, najidai.

Mbegu ziliota vizuri. Nilipanda miche mbele ya ukumbi wa zahanati, nikaitandazia nyasi kavu, nikaiacha. Haukupita muda ikaanza kulala, mmoja leo, mwingine kesho. Niliung'oa mmoja: shina limeoza, udongo chepechepe. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa nivizie.

Adhuhuri ndugu za wagonjwa walitoka kutawadha pembeni mwa ukumbi. Kila aliyemaliza, maji yaliyobaki koponi hakuyamwaga chini hivi hivi. Aliyapeleka kwenye maua, kama tulivyolelewa sote. Mama mmoja, mwanawe kalazwa ndani, aliinama akasema, "Kunywa na wewe, maskini." Nitamgombezaje mtu kwa huruma yake? Niliingia stoo nikalia.

Mganga Mfawidhi naye aliuona udongo ule. "Nilikwambiaje?"

"Si kisima, Daktari. Ni udhu."

"Udhu au kisima, maji ni maji. Ijumaa nisiyakute hapa."

Niliomba chipukizi la mgomba kwa jirani, nikalipanda pale pale wanapotawadhia, upande usio wa maua. Watu walipokuja nikasimama katikati.

"Mama zangu, mwenye kiu ni huyu mgomba. Haya ya manjano yamefunga. Msiyafuturishe."

"Yamefunga! Ati na ua nalo linafunga?" Walicheka mpaka wakashikana mabega, lakini makopo yakageukia mgomba. Ijumaa Mganga Mfawidhi alikuja, akabonyeza udongo kwa kidole, mkavu. Akajipangusa kidole, akarudi kwa wagonjwa wake. Miche iliyosalia ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole, na yote ilichanua kiangazi, nyasi zote zimekauka.

Niliporudi Kibiti na mbegu mpya kwenye kitambaa kile kile, Mkuu alizimimina kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole. Kisha akaitungua keni yangu, imeota kutu, akanipa. Kufurahi kama siku ile sijafurahi tena kazini.

Sasa nimestaafu, na Mkuu ametangulia mbele ya haki. Juzi nilimsindikiza dada yangu zahanati ya Mbwara. Vichaka vimeshonana mbele ya ukumbi, manjano tupu, na mgomba una wajukuu. Nikatawadha. Maji yakabaki koponi, na mkono wangu, mkono wa Mkongo, ukaenda wenyewe kwenye maua.

"Bibi wee!" Binti mmoja, mtoto mgongoni, alinishika kiwiko. "Hayo yamefunga. Mpe mgomba."

"Nani kasema?"

"Sijui, bibi. Ndivyo tulivyoyakuta."

Nikaugeukia mgomba, nikaumwagia mpaka tone la mwisho.