Laptop ya Madam Chini ya Taa ya Vifaranga

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi, niliishia darasa la nane.

Nachunga kuku wa Madam hapa Kitengela, na mchana kutwa sina wa kuongea naye. Juzi niliwasha laptop yake nijirekodi nikijifanya nasalimia wageni. Bahati mbaya nikaimwagia maji ya kuku, ikazima. Kwa kuogopa kufutwa kazi, niliilaza chini ya taa ya vifaranga ikauke.

Madam akaikuta huko, imejaa mavi ya vifaranga. Akabonyeza, ikawaka, akafungua video ambayo sikuwa nimefuta. Sauti yangu ikatoka, ikianza na salamu ya Kimaasai:

"Sopa. Umeshindaje? Karibu chai."

"Kumbe huwa unaongea," Madam akasema. "Hapo ulikuwa unakaribisha nani?"

"Yeyote atakayekuja," nikamjibu.

Ukisoma hii, tafadhali niandikie, hata kama ni salamu tu.