Blenda Iliyokohoa

Juzi niliwasha blenda yangu mpya, katika nyumba niliyojijengea Chapwa kwa stashahada yangu ya umeme na jasho la ugenini. Harufu ya karanga zilizokaangwa ikanirudisha Igamba, kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Alasiri ile mama alikuwa ameshaiunguza blenda aliyopewa na shangazi, kwa kusagia mahindi makavu. Shangazi, mfanyabiashara wa Tunduma, alikaa barazani akisema, "Wifi, nisipoisikia leo, naondoka nayo."

Nyuma ya pazia, mama aliniambia ningurume kama blenda, huku yeye akitwanga karanga taratibu, kinu kikiwa juu ya gunia kisisikike. Nilinguruma hadi midomo ikaniwasha. Jua lilipenya pazia, karanga zikalainika, na mimi, ambaye leo natengeneza mota za mji mzima, niliamini kabisa kwamba sauti yangu ndiyo iliyozisaga.

Shangazi alikula mboga iliyoungwa kwa karanga zile, akalamba vidole. "Blenda nzuri, wifi. Ila uwe unainywesha maji, inakohoa."

Akaondoka mikono mitupu. Mama alicheka hadi machozi. Mimi nilikwenda mtungini nikanywa vikombe viwili, nijiandae kwa kazi ya kesho.