Nyufa za Mama Kulwa na Kiingereza Changu

Nianze kwa kukiri: mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na aibu iliyonikuta ni ya Kiingereza hichohicho, ndiyo maana shuleni kwetu sijawahi kuisimulia.

Kijijini kwetu, huku njia ya Runzewe, nyumba kadhaa zilipasuka kwa mitikisiko ya baruti za mgodini, watu wakalalamika mpaka kampuni ikamleta mzungu mmoja kutusikiliza, ila mkalimani wake aliamka na homa, basi mwenyekiti wa kijiji akaangaza macho mkutanoni akaniona mimi (nilikuwa nimevaa tai, sijui nani alinituma).

"Mwalimu, tusaidie."

Nilitafsiri vizuri tu mpaka yule mgeni akanyoosha mkono kwenye nyumba na kusema "look into". Sasa hiyo "look" naifundisha kila mwaka: ukiiweka na "for" unatafuta, ukiiweka na "after" unatunza. Ya "into" sikuwa nayo. Ningemwomba afafanue, lakini wanafunzi wangu walikuwa wamekaa mbele wananitazama, nikaona haya, nikaunganisha mwenyewe kichwani, kuangalia, ndani, nikatangaza: "Jumamosi watarudi kuangalia ndani ya nyumba zenu!" Na kwa kunogesha nikaongeza, "Moja moja!"

Jumamosi mgeni akaja na mtathmini kutoka Geita mjini, wakakuta vitanda viko nje vinaanikwa, nyua zimefagiwa, kuku wanachemka. Mtathmini akashangaa, maana alikuja kupima nyufa za kuta za nje tu. Tukafika kwa Mama Kulwa, mjane, ambaye ukuta wake ndio ulikuwa umepasuka kuliko yote. Ukuta ulikuwa laini, umekandikwa udongo mpya nje na ndani.

"Mama, ufa uko wapi?" mtathmini akauliza.

"Nimeziba, baba. Mwalimu alisema wageni wataingia ndani. Ningewapokeaje nyumba iko wazi vile?"

Mtathmini akamuuliza mgeni, kisha akanigeukia. "Mwalimu, mgeni alisema watalichunguza suala hili. Nani alisema kuingia ndani?"

Watu wakacheka, wanafunzi wangu wakiwemo. Mama Kulwa hakucheka. Mtathmini alikuwa ameshafunua ukurasa mwingine, na mimi nikaona jina la yule mama linaachwa kwenye orodha ya fidia kwa sababu ya tai yangu.

Nikasema kwa sauti, mbele ya kijiji kizima, kwamba sikuelewa lile neno, nikabuni, kosa ni langu na si la mama. Kisha nikaomba jembe, nikaanza kubandua udongo nikiwa na shati langu jeupe, jasho linanitoka, mpaka ufa ukatokea, mpana wa kuingiza vidole vinne. Mtathmini akapima. Akaandika jina.

Jioni nikapita kumwomba radhi. "Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba." Alikuwa anakanyaga udongo mwingine wa kukandika upya. "Mwalimu, siku ile ungesema tu hujaelewa. Tungekusubiri. Tulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nikavua viatu, nikaingia kwenye udongo kumsaidia.

Tangu hapo, mwanafunzi akiniuliza nisichokijua, namwambia sijui, nitakuletea jibu kesho. Mara ya kwanza kusema hivyo darasani ulimi ulikuwa mzito, na wao wakaandika swali lile madaftarini wakaacha nafasi chini yake.